Ilifyatuka au Nilifyatua?

Jumamosi moja mwezi Machi, katika uwanja wa shabaha nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, rafiki yangu mhandisi aliitazama karatasi yangu yenye matundu, akatikisa kichwa, kisha akatamka neno lake kama tabibu anayemtajia mgonjwa jina la ugonjwa.

"Daktari," aliniambia, maana hata baada ya miaka 15 ya urafiki amekataa katakata kuniita kwa jina, "macho yako hayana tatizo. Mkono wako hauna tatizo. Tatizo lako ni traiga."

Traiga ndiyo kifyatulio, kile kipande kidogo kilichopinda ambacho kidole cha shahada hukivuta ili bastola itoe risasi. Changu, alisema, ni kizito. Alimfahamu fundi mwenye leseni ambaye angeweza kubadilisha vipande vitatu tu, kifyatulio chenyewe, kiunganishi chake na springi moja, na bastola yangu ikawa laini kama siagi. Kazi ya nusu saa. Bei haikuwa ndogo, lakini haikuwa ya kunishinda. Nilimwambia nitafikiri, na kwa kweli moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali.

Ndugu msomaji, najua wapo watakaoshangaa kusikia kwamba mtu anayeandika kila mara kuhusu haki za raia na mipaka ya mabavu ya dola ana bastola nyumbani kwake. Sina budi kuanzia hapo, kwa sababu kuficha kungekuwa unafiki.

Miaka minne iliyopita watu sita waliingia nyumbani kwetu usiku. Walitumia lile jiwe ambalo wakazi wa jiji hili wanalifahamu kwa jina la fatuma, jiwe zito linalobebwa na watu wawili na kurushwa mlangoni kwa mpigo mmoja. Mlango wetu wa mninga ulihimili pigo la kwanza, la pili ukapasuka. Waliondoka na vitu ambavyo nimeshavisahau, lakini kabla ya kuondoka mmoja wao alimkata mke wangu begani kwa panga, bila sababu yoyote, kwani tulikuwa tumekwisha kuwapa kila walichokitaka. Kovu lile naliona kila siku. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani, nikiwa na shahada tatu.

Baada ya hapo niliomba kibali cha kumiliki silaha. Barua ikaanzia serikali ya mtaa, ikapanda kata, ikafika wilayani, ikakaa, ikarudishwa, ikapanda tena. Nikachukuliwa alama za vidole. Nikaulizwa kama nina ugomvi na mtu, kama ninakunywa pombe, na bastola nitaihifadhi wapi. Miezi ikapita. Nilinung'unika sana, na nikaandika hata maneno makali kuhusu urasimu. Hatimaye nikapata bastola ya milimita tisa, na pamoja nayo usingizi, au kitu kilichofanana na usingizi.

Sasa turudi kwenye kifyatulio. Bastola nyingi za siku hizi, yangu ikiwamo, hazina ile swichi ya usalama ya pembeni tunayoiona katika filamu za zamani. Usalama wake umewekwa ndani ya kifyatulio chenyewe. Katikati yake kuna kiwiko chembamba ambacho lazima kikandamizwe kwanza na kidole ndipo kifyatulio kirudi nyuma. Kwa hiyo kinachoitenganisha risasi na dunia ni mambo mawili tu: kidole kiwepo pale, na kivute kwa nguvu inayotosha. Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita uzito wa kifyatulio. Bastola ya aina yangu hutoka kiwandani ikiwa na uzito wa takribani kilo mbili na nusu. Fundi aliahidi kuushusha hadi kilo moja na nusu.

Hoja ya rafiki yangu haikuwa ya kijinga, na sitaki kuidhalilisha ili nionekane mwema. Mtu anapovuta kifyatulio kizito, mkono mzima husaidia kidole, na mkono unaposaidia, mtutu huyumba. Risasi haiendi ulikokusudia. Rafiki yangu alinipa mfano ambao niliusoma mwenyewe baadaye. Kwa miaka mingi Idara ya Polisi ya New York, kwa kuogopa risasi za bahati mbaya, iliwapa askari wake bastola zenye kifyatulio cha ratili 12, yaani zaidi ya kilo tano. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walikabiliana na mtu aliyekuwa ametoka kumuua mfanyakazi mwenzake wa zamani. Walifyatua risasi 16. Muuaji alikufa, lakini wapita njia tisa nao walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vilivyoruka. Baada ya tukio lile wengi walihoji kama uzito uliowekwa kuwalinda raia haukuwa umechangia kuwaumiza.

"Sasa fikiria kwenu," rafiki yangu alisema. "Ukuta wako na wa jirani unapishana na uchochoro tu. Risasi ikikosa mwizi, inakwenda kwa nani?"

Hoja hiyo ilinishika. Watoto wa jirani yangu wanalala katika chumba kinachotazamana na korido yetu.

Kabla ya kumpigia fundi simu niliamua kufanya jambo ambalo mwalimu wa utafiti angepaswa kulifanya mwanzoni, yaani kupima. Nilitoa magazini, nikakagua mtutu mara tatu kuhakikisha hauna kitu, nikafungia risasi zote chumbani, nikaielekezea bastola kwenye ndoo ya mchanga barazani. Kisha nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile ambayo kila mmoja wetu huinunua safarini, nikaifunga kwa kamba na kuining'iniza kwenye kifyatulio. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu. Chupa ikaning'inia, ikazunguka taratibu, na hakuna kilichotokea. Nikaongeza chupa ya lita moja. Hapo nikasikia "tak" kavu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Kwa hiyo hiyo ya kwanza," aliniuliza, "ndiyo unayotaka kuinunua?"

"Ndiyo."

"Chupa moja ya maji."

"Ndiyo."

Hakuongeza neno. Aliifungua ile chupa kutoka kwenye kamba, akaenda nayo jikoni. Nami nikabaki barazani, nikitazama kidole changu cha shahada, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine yeyote.

Oktoba iliyotangulia, yapata saa nane usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, nilisikia kitu kikitua uani. Si paka. Mtu aliyeruka ukuta hutua kwa mishindo miwili, miguu kisha mikono. Nilitoa bastola kwenye kasha, nikasimama kwenye korido, bastola mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Kitasa cha mlango wa jikoni kikazunguka, na mlango, ambao niliufunga kwa mkono wangu, ukafunguka bila kelele. Komeo lilikuwa limetolewa kwa ndani.

"Nani?" nikauliza. Kimya. Nikaona kivuli kikisimama.

"Nani wewe?" Kimya tena. Nikapiga hatua moja mbele, nikakanyaga ndala ya mtoto, nikayumba. Wakati huohuo sufuria likaanguka kutoka mezani, na mwili wangu wote ukakazika kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa motoni.

"Mjomba, ni mimi. Samahani, mjomba."

Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 anayeishi nasi akisubiri kuingia chuo. Alikuwa amekwenda kutazama mpira kwenye kibanda umiza, akachelewa, na binti yangu akamtolea komeo kwa siri. Alinyamaza nilipouliza kwa sababu aliogopa kugombezwa. Kwa kweli nilimgombeza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kuhusu muda, kuhusu adabu, kuhusu mpira. Sikutaja bastola. Gizani hakuiona.

Nilirudi chumbani, nikaiweka bastola juu ya meza, nikawasha tochi ya simu. Kwenye nyama ya ncha ya kidole changu cha shahada kulikuwa na kijistari chekundu kilichobonyea. Kilikuwa ni alama ya kile kiwiko chembamba cha usalama kilicho katikati ya kifyatulio.

Ningekula kiapo mbele ya hakimu yeyote kwamba kidole changu kilikuwa pembeni, kimenyooka juu ya fremu, kama nilivyofundishwa. Sikumbuki kukiingiza. Sikumbuki kukandamiza. Lakini ngozi ilikuwa na ushahidi wake, na ngozi haisemi uongo. Nilikuwa nimevuta. Kwa kiasi gani, robo ya njia au robo tatu, ile alama haikueleza. Nilikisugua kidole mpaka mstari ukapotea, nikamwambia mke wangu, "Ni mtoto tu, amechelewa," nikalala. Miezi mitano baadaye nikawa nazungumza na mhandisi kuhusu kukifanya kifyatulio kilekile kiwe chepesi.

Siku ya chupa za maji ndipo nilipoanza kusoma. Mwanafiziolojia Roger Enoka wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alieleza mazingira matatu ambamo kidole huweza kujikaza bila mwenye nacho kuamua. La kwanza ni mkono mwingine unaposhika kitu kwa nguvu, kwani mikono miwili huelekea kukaza pamoja. La pili ni kuyumba au kujikwaa. La tatu ni kushtuka. Nilisoma orodha ile nikaiweka chini. Simu mkono wa kushoto. Ndala ya mtoto. Sufuria. Usiku ule nilikuwa nimeyakamilisha yote matatu ndani ya pumzi moja.

Nisieleweke vibaya. Silidai kwamba kilo mbili na nusu zilimwokoa mpwa wangu. Kiganja cha mtu mwenye hofu kinaweza kukaza kwa nguvu inayopita uzito huo bila taabu. Kifyatulio kizito si kufuli. Kilichopaswa kumlinda kijana yule ni kidole kukaa nje, na taa kuwashwa kabla ya silaha kuelekezwa popote, na yote mawili sikuyafanya. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha: mahali fulani kati ya mshtuko wangu na risasi palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilitosha sauti kusema "mjomba". Nilikuwa nataka kulipa fedha ili niipunguze.

Hapa nataka tutazame lugha, kwa sababu lugha yetu inajua jambo hili kuliko sheria. Kiswahili kinatupa vitenzi viwili: kufyatua na kufyatuka. Anayefyatua ni mtu. Kinachofyatuka ni kitu. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimevunja", husema "kimevunjika", na mama hulazimika kuuliza, "Kimevunjika chenyewe?" Magazetini tunasoma kila mara kwamba bunduki ilifyatuka, kana kwamba ilikuwa peke yake chumbani.

Wengi wenu mtaikumbuka kesi ya Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini aliyemuua Reeva Steenkamp tarehe 14 Februari 2013 kwa risasi nne alizozipiga kupitia mlango wa choo. Wachache wanakumbuka kwamba katika kesi hiyohiyo alishtakiwa kwa tukio jingine la wiki chache kabla. Akiwa mgahawani Johannesburg, alipokezwa bastola ya rafiki yake chini ya meza, na risasi ikatoka na kugonga sakafu katikati ya watu waliokuwa wakila. Mahakamani alishikilia kwamba hakuvuta kifyatulio. Mtaalamu wa silaha alikuwa ameeleza kwamba bastola ya aina ile haitoi risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kosa hilo.

Zamani nilipofuatilia kesi ile nilidhani anadanganya tu. Leo siwezi kusema hivyo kwa wepesi. Nilikuwa tayari kuapa kwamba kidole changu kilikuwa nje. Inawezekana kabisa mtu akavuta na asijue. Lakini kutojua kwake hakuirudishi risasi, na hakukibadilishi kitenzi. Alifyatua.

Sheria yetu nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali, lakini kifungu cha 18B kinaifunga haki hiyo kwa nguvu ya kadiri inayohitajika kwa utetezi huo, si zaidi. Anayezidisha anawajibika kwa kosa analolitenda. Akisababisha kifo kwa nguvu iliyopita kiasi, ana hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria haipimi kilo za kifyatulio. Inampima mtu: aliona nini, aliamini nini, alifanya nini. Mbele ya mizani hiyo, mtu aliyelipa ili silaha yake iwe nyepesi kuliko ilivyotengenezwa atakuwa na swali moja zaidi la kujibu, naye atalijibu akiwa amesimama mbele ya dada yake.

Jambo hili haliishii koridoni kwangu. Februari 2018, katika Kinondoni yetu hii, mwanafunzi wa chuo alikufa kwa risasi akiwa ameketi ndani ya daladala, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa na shughuli zake. Wanafunzi wangu wa wakati huo walilia darasani, na siku ile sikufundisha. Nakumbuka vitenzi vilivyotumika baadaye katika habari na taarifa: alipigwa risasi, risasi ilimpata, tukio lilitokea. Sentensi zote zilikuwa na aliyetendewa, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtenda.

Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaifahamu sarufi hii kwa ndani. Faili limepotea. Fedha zimetumika. Dosari zimejitokeza. Nimekaa katika kamati za chuo, nimeandika taarifa, na nimezitumia sentensi hizo mwenyewe, kwa hiyo sinyooshei mtu kidole ambacho sijajinyooshea. Na wanaharakati wanaodai uwajibikaji wa vyombo vya dola, wako sahihi kudai majina. Ila naomba tudai pia mambo yasiyo na mvuto wa jukwaani: askari anayebeba silaha kwa niaba yetu anafanya mazoezi mara ngapi kwa mwaka, anapewa risasi ngapi za mazoezi, na amefundishwa nini kuhusu kidole chake anapoyumba, anaposhtuka, anapomshika mtu kwa mkono wa pili. Maswali hayo hayahitaji siasa kali. Yanahitaji bajeti na ratiba.

Sikuenda kwa fundi. Lakini kukataa peke yake kusingenitosha, maana hoja ya watoto wa jirani ilikuwa bado imesimama: risasi zangu zilikuwa zinakosa. Nilimfuata mzee mmoja mstaafu wa Jeshi la Wananchi anayefundisha pale uwanjani, nikamweleza kwamba risasi zangu huangukia chini kushoto. Hakunijibu. Alichukua magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akachanganya risasi za kweli na risasi bandia zisizo na baruti, akanirudishia.

"Piga, mwalimu."

Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia, haikulia, lakini mtutu uliinama ghafla kama jogoo anayedonoa punje. Nilijiona mwenyewe. Hakukuwa na mlio wa kuusingizia.

"Umeona?" alisema mzee. "Traiga haina kosa. Wewe unauogopa mlio kabla haujalia."

Akanipa dawa isiyouzwa. Kila jioni, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa, risasi zikiwa chumba kingine, naweka sarafu ya shilingi 200 juu ya bastola karibu na ncha ya mtutu, naielekeza kwenye ndoo ya mchanga, navuta kifyatulio taratibu bila sarafu kuanguka. Dakika kumi. Wiki ya kwanza sarafu ilianguka mpaka binti yangu akadhani nacheza kamari. Pia nilijizoeza jambo la pili ambalo mzee alilisisitiza kuliko shabaha: kuishika silaha huku kidole kimenyooka juu ya fremu, nikitembea, nikigeuka, nikifungua mlango, mpaka kidole kikajua makazi yake bila kuambiwa. Machi, kwa umbali wa mita saba, risasi nne kati ya kumi ziliingia ndani ya duara lenye ukubwa wa sahani. Mwishoni mwa Juni ziliingia tisa, kwa kifyatulio kilekile cha kilo mbili na nusu. Rafiki yangu mhandisi aliitazama karatasi, akasema nina bahati. Bado anaamini ningefanya vizuri zaidi kwa ile nyepesi, na katika mashindano ya shabaha huenda yuko sahihi. Lakini karatasi ya shabaha haichelewi kurudi kutoka mpirani.

Lilibaki la mpwa wangu. Nilimwita barazani jioni moja, nikamweleza yote: korido, bastola, ndala, sufuria, ule mstari mwekundu. Nilijilazimisha kutumia nafsi ya kwanza. Nilikuelekezea bastola. Niliweka kidole. Nilivuta. Mke wangu naye alikuwa amekaa pale, akiyasikia kwa mara ya kwanza, na mkono wake ulikuwa umelifunika kovu la bega kama unavyofanya anapofikiri.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Nilitarajia hasira, au machozi, au yale maneno ya heshima ambayo watoto wetu hutupa ili tuondoke. Aliuliza jambo moja tu.

"Mjomba, kwa nini hukunipa ufunguo?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwangu mlango ulifungwa saa nne usiku, funguo nikakaa nazo mimi, kwa sababu baba yangu alifanya hivyo. Nilikuwa tayari kulipa fedha nyingi kubadilisha springi ya bastola, na kwa miaka miwili sikuwahi kufikiria kulipa shilingi 3,000 kwa fundi funguo wa pale kituoni. Kesho yake nilikwenda. Alichonga funguo mbili, mmoja wa geti na mmoja wa mlango wa jikoni, huku akipiga soga na kondakta. Tukakubaliana nyumbani kwamba anayechelewa atapiga simu, na anayeitwa gizani ataitika kwa jina lake hata kama anajua atagombezwa. Mlango wa mbele sasa una chuma ndani yake, na uani kuna taa inayochajiwa na jua, inayojiwasha mtu akipita. Hayo yote yangeweza kufanyika kabla ya bastola.

Mke wangu ameliona hilo pia. Hajaniambia niiuze wala nirudishe kibali, na mimi sijamwambia kwamba naogopa kulala tena kifudifudi. Bastola iko ndani ya kasha lake la chuma, kifyatulio chake kama kilivyotoka kiwandani. Muda wa kuhuisha leseni unakaribia. Wiki hii ameniuliza mara mbili kama nitakwenda, na mara zote mbili nimemjibu kwamba nitaangalia.